Tone Pembeni mwa Barua

4 Machi

Baba,

Shikamoo. Natumaini kifua chako kimetulia sasa vumbi limepungua, na Mama hajambo. Mimi ni mzima. Chumba nilichopewa hapa kituo cha mifugo kina dirisha moja, linatazama zizi, kwa hiyo wa kwanza kuniamsha kila siku ni ng'ombe. Simu haishiki mpaka upande kilima, na kilimani ndiko nilikokwama.

Bibi, pikipiki yako ya zamani, amenigomea. Nimemmwaga oili mwenyewe kama ulivyonifundisha siku uliponikabidhi funguo zake: injini ikiwa na joto kidogo, beseni chini, nati, kisha kungoja mpaka tone la mwisho. Halafu nikaenda dukani. Muuzaji akanipa kopo lililochorwa gari dogo, akaniapia kwamba oili hiyo ni laini kuliko zote na wenye magari hawataki nyingine, pikipiki ikiipata itajiona imeolewa. Nikaamini. Siku za kwanza Bibi alitulia. Kisha nikawa napanda kilima na sanduku la chanjo nyuma, navuta resi, injini inapiga kelele mpaka watu wanachungulia mlangoni, na tairi halina habari. Nikashuka nikasukuma. Barafu ikayeyuka sandukuni, chanjo ikaharibika, na zizi zima la ndama likabaki hivyo hivyo. Mwenye ndama, mama mtu mzima, alinitazama ninavyohema akasema, "Daktari, mgonjwa ni yupi hapa?"

Nilicheka naye. Usiku sikucheka. Ugonjwa tunaouchanjia ndama ulikuwa umeshafika bonde la pili.

Nichagulie oili, Baba. Nimekuwekea tone la oili ya Bibi hapo chini kulia, kama ulivyokuwa ukiniwekea nilipokuwa shule ya bweni. Wenzangu barua zao zilikuwa na maua pembeni. Yangu ilikuwa na tone jeusi la oili kutoka pikipiki ya mteja wa gereji yako, na swali: "Huyu tumfanyeje?" Nilikuwa nalishika dirishani, natazama weusi wa katikati na duara la nje lilivyosambaa, kisha nakujibu. Leo swali ni langu.

Bintiyo


15 Machi

Binti yangu, daktari wa ng'ombe,

Marahaba. Kifua hakijambo, kinakohoa kwa mazoea tu. Mama yako anakusalimu sana, anauliza kama unakula au unatafuna vitabu. Usishangae mistari kupanda. Kalamu hii ina akili zake. Miwani nayo imevunjika mguu, kwa hiyo mama yako ndiye amenisomea barua yako, kwa sauti ya mtangazaji wa vifo redioni.

Huyo muuzaji hajakuibia, amekuuzia kitu kizuri cha mtu mwingine. Sikiliza. Kwenye gari, klachi inakaa chumba chake, kukavu. Kwenye pikipiki kama Bibi, pleti za klachi zinaogelea kwenye oili ile ile ya injini. Sasa oili nyingi za magari zimetiwa dawa ya kufanya vyuma viteleze. Kwa injini ni sawa. Kwa pleti, ambazo kazi yao ni kushikana, ni kama umempaka mtu sabuni mikononi ukamwambia akwee ukuta.

Imwage yote. Tafuta kopo lenye picha ya pikipiki, na nyuma, kwenye maandishi madogo ambayo ninyi wasomi mnayapenda, pawe na herufi MA. Zikiwa MB, iache dukani. Uzito chukua 20W-50. Bibi ni mzee, vyuma vyake vimelegea, anataka oili nzito ya kuziba nafasi. Usiniletee habari za kitabu. Kitabu kiliandikwa akiwa msichana.

Klachi haitapona siku hiyo hiyo. Mwendeshe polepole, zile pleti zijikamue. Zikikataa, niandikie.

Baba yako


29 Machi

Baba,

Shikamoo, na Mama shikamoo. Afya yangu ni njema. Nimepata koti la kazi, lina mifuko minne, wa tano umechanwa na mbuzi.

Klachi imerudi! Nilimwaga, nikaweka, nikamwendesha polepole kama ninabeba mayai, na siku moja nikahisi ameshika. Ulipaswa kumwona kilimani. Ndama wa yule mama wamechanjwa wote isipokuwa mmoja, ambaye hakunisubiri. Nilimkuta amelala kando ya josho. Mwenyewe hakunilaumu, na nadhani ingekuwa nafuu angenilaumu.

Herufi ni MA, hilo nimekutii. Uzito sikuambii. Asubuhi za huku ni baridi, oili inatoka kwenye kopo kama asali, na Bibi anakataa kuwaka. Nimefikiri sana, nikachagua. Lishike tone langu dirishani, useme mwenyewe kama nimekutii au nimekuasi. Nimemtembeza vya kutosha, litakuambia.

Naandika haraka, mtu amesimama mlangoni, ng'ombe wake anazaa kwa shida na lori la maziwa linalobeba barua linakaribia kuondoka. Msalimu kila mtu.

Bintiyo


12 Aprili

Binti yangu,

Marahaba. Sote wazima. Mama yako amesoma barua yako mara mbili, ya pili akimwombolezea yule ndama. Pole. Huyo mmoja utakuwa naye muda mrefu, mimi nina pikipiki zangu kadhaa za namna hiyo.

Tone nimeliona. Nimelishika dirishani kama kawaida. Safi kabisa, katikati pana rangi ya chai ya rangi, duara la nje halikukimbia. Ile ni 20W-50, naijua hata nikiwa usingizini. Umenitii, na umefanya vizuri. Ulitaka kunitega, sio?

Kazi zipo. Watu siku hizi wana maneno, lakini. Muuza mikate amerudi analalamika eti nimemjazia oili mpaka inatoa povu na kutapika kwenye bomba la hewa. Nimemwambia pikipiki yake imeshiba, ashukuru. Mwisho wa mwezi muuguzi wa zahanati analeta ya kwake, breki za mbele na nyuma, nitamfungia upya. Yule anayembeba mwanawe kwenye tangi kumpeleka shule. Anasema haamini mkono mwingine.

Miwani bado haijatengenezwa. Usijali.

Baba yako


20 Aprili

Baba,

Shikamoo. Mimi ni mzima.

Mama, shikamoo. Najua ni wewe unayesoma, na kwamba Baba yuko kwenye kigoda chake mlangoni, mikono ina kazi. Nakuomba usome yote kwa sauti yako ya kawaida, na ukifika mahali pagumu usinyamaze. Endelea.

Baba, barua yangu iliyopita haikuwa na tone.

Nilipokuwa nikiandika nilipanga kuliweka mwishoni. Yule mtu akaniita mara ya pili, nikafunga bahasha, nikakimbia. Nilikumbuka mkono wangu ukiwa ndani ya ng'ombe mpaka begani. Nilijisemea, atanicheka, ataniandikia kwamba daktari amesahau mgonjwa wake. Badala yake umeniandikia rangi yake na duara lake. Mama hakujua, kwa sababu pembe ile ya karatasi haijawahi kumhusu, ni ya kwetu wawili. Ulishika karatasi tupu dirishani. Na oili niliyoweka si 20W-50, Baba. Ni 10W-40.

Nimekaa na barua yako tangu ilipofika. Nimeitoa ile ya Machi pia, nikaziweka pamoja mezani. Mistari haipandi tu. Mahali pawili umeandika juu ya maneno uliyokwisha kuandika. Muuza mikate hana maneno, oili ikizidi hutoa povu, wewe ndiye uliyenifundisha. Ulijaza kupita alama kwa sababu alama hukuiona.

Ng'ombe anayepofuka huwa hajulikani. Zizi lake analijua, njia ya maji anaijua, anatembea kichwa juu, na mwenyewe anaapa ni mzima. Mpaka siku mtu ahamishe ndoo. Mimi nimehamisha ndoo bila kukusudia, na sasa siwezi kuirudisha mahali pake nikajifanya sikuona.

Nilifikiria kupanda kilima nikupigie simu. Ungenitania, nami ningecheka, na miwani ingeendelea kuvunjika mguu. Nilifikiria kumwandikia Mama peke yake. Ingekuwa ni kukusengenya ndani ya nyumba yako. Kwa hiyo nimechagua hivi, msikie wote wawili kwa wakati mmoja, na najua inauma zaidi.

Breki za muuguzi usizifunge. Usimguse mteja mwingine kabla hujaonwa na daktari wa macho, daktari wa watu, si mimi. Ulikuwa ukimwambia mteja anayekataa kubadilisha oili, "Unangoja injini ikuandikie barua?" Mimi nimekuandikia.

Mama, asante. Sasa mpe aishike.

Bintiyo


30 Mei

Baba,

Shikamoo. Mama, shikamoo. Natumaini mko salama.

Lori la maziwa limepita mara nyingi bila kitu changu. Dereva ameanza kuniambia "leo hapana" kabla sijafika. Nimepanda kilima, simu ya Mama inaita tu. Fundi wa redio, jirani yenu, ndiye aliyepokea yake, akasema mpo, hamjambo, mlango wa gereji umefungwa. Nikamuuliza umefungwa vipi. Akasema, "Kwa kufuli, mwanangu, ungefungwa vipi tena?"

Sikuombi unisamehe, kwa sababu ningeandika tena yale yale. Nakuomba mstari mmoja tu, hata wa matusi. Tone lipo. Safari hii nimeanza na tone, ndipo nikaandika.

Bintiyo


17 Juni

Binti yangu,

Marahaba. Huu ni mwandiko wa mama yako. Maneno ni yangu, akiongeza yake utayajua, yatakuwa na adabu.

(Sijaongeza kitu. Mama.)

Siku barua yako ilipofika nilikuwa nasafisha plagi. Alisoma mpaka pale ulipomwambia asinyamaze, akanyamaza. Nilidhani amemwagikiwa na chai. Kisha akaendelea mpaka mwisho, akaikunja. Akanijia, akanishika uso kwa mikono yote miwili, akaugeuzia dirishani, akaniuliza, "Nimevaa nguo ya rangi gani?" Nikasema ya kijani. Haikuwa ya kijani. Alikaa chini pale pale, kwenye sakafu yenye grisi, na kanga zake safi.

Nilikukasirikia. Nilitaka kukuandikia maneno makali, lakini wa kunishikia kalamu ni yeye, naye alikataa kuandika. Alisema, "Andika mwenyewe kama unaona." Ndiyo sababu umengoja. Hasira ikachacha mpaka ikaisha nguvu.

Muuguzi alileta pikipiki. Nilimwambia mwenyewe, kwa mdomo wangu, kwamba siwezi kufunga breki zake na kwa nini. Aliwaza kidogo, akaniuliza kama za mwaka jana nilizifunga nikiwa naona. Nikamwambia kwa jicho moja. Kesho yake alirudi akanibeba kwenda kwa daktari wa macho, nimekaa nyuma kama mzigo wa mkaa, nimeshika koti lake. Kila alipokanyaga breki nilisikiliza.

Ni presha ya jicho. La kushoto limekwisha. La kulia limebaki kama kuchungulia kwa tundu la funguo, na daktari anasema lililokwenda halirudi, hili likipata dawa huenda likabaki. Alisema huenda. Nilimwomba aseme tena, akasema huenda tena. Mama yako ananitia tone moja asubuhi na moja jioni, nusu ya dawa inanywewa na shavu.

Spana nimezipaka oili, nimezifunga kwenye kitambaa. Kigoda bado kiko mlangoni. Watu wanapita wakiniuliza waweke oili gani, nawaambia. Muuza mikate nilimwita nikamwomba radhi. Alisema pikipiki yake haijawahi kunenepa vile.

Sasa Bibi. 10W-40 yako endelea nayo. Baridi ya huko unaijua wewe, mimi nilikuwa nachagua kwa jua la hapa. Ila ni nyepesi kwa vyuma vyake, ataila na itapungua. Pima oili kwa kijiti kila wiki, usingoje taa wala harufu. Hilo sikuagizi kama fundi, umeshachagua mwenyewe. Nakuambia kama mtu aliyechelewa kupima.

Tone lako la mwisho mama yako ameniambia lipo. Nimeweka kidole, limekauka, karatasi imelinywa, sikusikia kitu. Kwa hiyo usiniwekee kwenye karatasi tena. Chukua kichupa cha chanjo kilichokwisha, kioshe, kikauke, nitilie humo oili kidogo, umpe dereva wa maziwa. Nitaisugua kati ya vidole na kunusa. Kama imechoka nitajua, na nisipojua nitasema sijui. Neno hilo nimelifanyia mazoezi na mama yako. Na wewe ukisahau kuweka, niandikie kwamba umesahau.

Pembeni hapo chini, kulia, nami nimekuwekea tone langu. Ni la dawa. Mama yako anasema limekauka na halina rangi yoyote, ukilishika dirishani hutaona kitu. Pitisha kidole. Karatasi imejikunja kidogo pale lilipoangukia.

Baba yako