Moshi wa Tantine Bolumbu

Kabondo, Kisangani

Mujukuu wangu Grâce,

Jambo sana huko Goma. Sisi tuko wazima. Mama yako mudogo amezaa mutoto mwanaume, analia kupita pikipiki zote za hapa.

Juzi kwa simu uliniuliza kwa nini, sasa nimemaliza kazi na nimepata retraite, nataka kuhamia kisiwani kwa watu wetu, mbele ya Yanonge, pasipo daktari. Nilicheka tu. Bon, nakujibu sasa.

Nilipokuwa musichana, nilikaa likizo kule kwa tantine Bolumbu, dada ya baba yangu, mujane aliyeishi peke yake. Asubuhi moja akasema, "Leo siwashe moto, nalala." Jua halijapanda sana, mutumbwi ukafika, na mwingine nyuma yake. Watu wa ng'ambo hawakuona moshi wake, wakakuja kuangalia kama amekufa. Tantine akatoka na hasira: "Hata usingizi munanikataza?" Lakini akawasha moto, akawapikia chai.

Sijue kama ningewavumilia majirani wa namna hiyo. Miye nimezoea kufunga portail, mulango wa kiwanja changu. Alors juzi, hapa Kabondo, nilitaka kujua: sikuwasha mbabula, jiko langu la makala, nikakaa ndani kusikiliza nani atabisha. Pikipiki zilipita, zikapita tena. Makala yalibaki baridi mupaka mangaribi.

Ndipo simu yako ikalia. Mbele ya kuniuliza mambo ya kisiwa, ulisema: "Koko, umekula?"

Na kule kisiwani, mutoto wangu, hakuna réseau ya simu. Ndiyo maana mizigo yangu haijafungwa bado.

Koko yako