Tuta la Pili

Mbeya, Jumanne, Juni 1957

Sikubadilisha vibao vya matuta. Sasa nina hakika, lakini nani ataniamini?

Asubuhi Bwana Shamba aling'oa miche ya stroberi kwenye matuta yote mawili. La kwanza tulilitia mboji na samadi ili mizizi isioze kama mwaka jana. La pili tuliamriwa tusilitie kitu, tupate kulinganisha. Mizizi yote ilikuwa myeupe na mizima. Akanigeukia mimi. "Karani, umechanganya vibao, matuta yote yakatiwa samadi?" Akataka nimweleze kesho, la sivyo nitafute kazi kwingine.

Mchana kutwa nilimshuku nyapara Sanga, anayemtakia mpwawe nafasi yangu. Jioni nikamwuliza.

"La pili nalo nimelitia samadi," akasema bila aibu. "Mke wangu akipita hapa, akaona tuta moja nimelilisha na jingine nimelinyima, ataniita mchawi."

"Lakini ilikuwa amri, mzee."

"Amri ya kunyima? Kijana, umesoma mpaka umepitiliza."

Alicheka. Mimi sikuweza. Huenda ni kweli. Au alijua tangu mwanzo nani ataulizwa. Nilipomwomba aje ofisini aseme mwenyewe, akadai kesho anakwenda msibani Chimala. Msiba wa nani, hakusema.

Nimeandika maneno yake yote kwenye karatasi. Alfajiri, kabla basi la Chimala halijaondoka, nitakuwa mlangoni kwake na wino, aweke dole gumba.