Dumu la Oili

Ijumaa usiku

Maji yale ni yangu. Baba hajui.

Asubuhi alinituma mjini nikanunue oili ya kupima, ile unayomiminiwa kwenye dumu lako. Niliona aibu kumpa muuzaji dumu lenye vumbi, nikalisuuza, na maji kidogo yakabaki ndani. Baba akaimimina yote kwenye injini, akawasha gari letu la kubebea kahawa, kisha akachomoa kijiti cha kupimia. Oili ilikuwa kama chai ya maziwa.

"Hii gasketi imekufa, inapitisha maji kwenye oili," akasema. "Kesho nafungua injini yote. Mwanangu, utanishikia spana?"

"Ndiyo, Baba."

Atafungua injini nzima bure, na mimi nimesema ndiyo Baba.

Kwenye rozari Mama akaliombea gari lipone, kahawa yetu ifike ghalani. Niliitikia "Amina" kwa sauti kubwa kuliko wote.