Eti baba alikimbia

Jumamosi, Manzese

Eti mie nikimbie! Na magoti haya!

Leo jumuiya ilisali kwa jirani yangu Mama Neema. Yule katekista kijana kasoma mara tatu habari ya mwana aliyetapanya mali akarudi kwa baba yake, sie tumefumba macho. Kisha tuigize, eti ndiyo tutasikia vizuri. Nikamwambia, "Mwanangu, mie nasikiliza tangu hujazaliwa. Michezo kawape chekechea."

Wakacheka. Kwa kuwa mie ndiye mkubwa, wakanipa kuwa baba. Mama Neema akawa mwana, kajifunga gunia, anakuja anachechemea. Nikakunja mikono, nikamsubiri.

"Bibi, baba alikimbia kumpokea," katekista akasema.

"Akosee yeye, nikimbie mie?"

"Ndivyo ilivyoandikwa, Bibi."

Wote wanajua niligombana na binti yangu Stella, akahamia Kigamboni, na mwaka wa nne huu nasema aanze yeye kuja. Nilikasirika, hata chai yao sikunywa.

Miaka yote hiyo nasikiliza, na hilo la kukimbia sikuwahi kulisikia.

Kesho baada ya misa napanda pantoni, nivuke Kigamboni. Lakini kukimbia, sikimbii.