Moteri Iliyopakwa Unga

Jumatatu, 6 Mei 2024

Moteri imekufa. Ayoubu, fundi wetu wa Kasongo, ameifungua, amechungulia, amefunga tena. Kasema: Clovis, hii izike tu. Miaka kumi na tisa imesukuma mashua ya marehemu baba. Sasa tumebaki na pondo, muti wa kusukumia, na lile tanga la turubai ambalo upepo wa muto Lualaba unalijali siku ukipenda.

Lazima nipate moteri nyingine ya dizeli kabla ya tarehe kumi na nane. Siku hiyo tunaondoka kwenda harusi ya Sonia, mudogo wa muke wangu, mwendo wa saa tano kwa maji. Nimeahidi kubeba ukoo muzima.

Jumatano, 8 Mei

Nimechagua! Silinda mbili, ilikuwa inakoboa mupunga kwa Mama Mathilde. Tuliiwasha saa nzima. Mafuta ya ndani safi. Haina haraka, lakini ni ya kufika. Ayoubu aliweka kiganja juu yake kama mutu anayepima homa ya mutoto. Kasema: chukua hii, usitafute tena. Mama Mathilde ananiwekea. Nimerudi nyumbani napiga mluzi.

Ijumaa, 10 Mei

Baba mukwe na mama mukwe wamefika kutoka Salamabila, bila kutuma habari. Na ndani ya pikapu — moteri. Kubwa, rangi ya kijani bado inanuka. Ilikuwa inaendesha mashini yake ya kusaga mawe ya zahabu. Emilienne, muke wangu, alimwambia kwa simu kwamba yetu imekufa. Basi Muzee Théophile kasimama mbele ya watu: mukwe wangu hatasukuma pondo wakati mimi niko hai.

Nami nikafanya nini? Nikapiga magoti, nikapokea kwa mikono mbili. Dada zangu wakaipaka unga, vigelegele. Jogoo akachinjwa, nikala. Mujinga mimi. Kwetu kitu cha mukwe kikishapakwa unga hakifunguliwi, hakijaribiwi. Kukifungua ni kumwambia muzee machoni: wewe muongo. Kabla ya unga ningesema, baba, tuwashe kwanza tusikie sauti — watu wangecheka tu, basi. Nilikuwa na dakika moja, nikaitumia kupiga magoti.

Jumatatu, 13 Mei

Muzee alienda kusalimia padri. Ayoubu akachomoa kijiti cha kupimia mafuta. Meupe, kama chai ya maziwa. Maji yameingia ndani. Kichwa cha moteri kimepasuka, kasema, na mutu amepaka rangi juu ya ufa. Itatembea saa moja, labda mbili, halafu itakwama. Kwa maji haya ya Mei, yenye mikondo na visiki vinavyoelea! Mashua isiyo na nguvu inageuzwa ubavu, inapinduka.

Sidhani muzee anajua. Aliuziwa hivyo, naye akaileta kwa moyo mweupe. Ndiyo kinachoniuma.

Nilimwambia Emilienne. Alisikiliza huku anachagua muchele. Kasema: ukiifungua, baba ataondoka na mimi, na sitarudi. Nikamwuliza: kwa hiyo nisifungue? Kasema: sikusema hivyo. Nimekwambia litakalotokea.

Mbele moto, nyuma maji.

Jumatano, 15 Mei

Nimejaribu ujanja. Nilimwambia baba mukwe kwamba moteri ni nzito mno, mashua yangu ni nzee, mbao zitaachana. Kacheka, kanipiga bega. Kaenda kuita seremala. Seremala ameongeza mbao.

Alhamisi, 16 Mei

Mama Mathilde aliniuliza mara mbili kama bado naichukua, mara mbili nikamwuliza habari za mupunga. Moteri yake imeuzwa, imeenda Wamaza leo, vipande vipande, juu ya pikipiki mbili. Nilisimama barabarani mpaka vumbi likaisha.

Jumamosi, 18 Mei

Katikati ya muto. Wanafikiri naandika majina ya wasafiri. Tuko ishirini na saba.

Asubuhi nilisema tumbo linaniuma, tungoje kesho. Mama mukwe akaniletea dawa ya majani, chungu sana, akasimama mpaka nikamaliza. Tukaondoka.

Tumetembea saa moja na nusu sasa. Moshi umekuwa mweupe. Ayoubu anamwaga maji juu ya moteri, maji yanachemka hapohapo. Pale mbele kuna kisiwa cha muchanga. Tukikata kona sasa hivi tunakifikia. Tukikipita, ni maji matupu mpaka mbali. Ayoubu ananiangalia mimi, anangoja neno.

Muzee amekaa karibu kabisa, kofia mupya. Kasema: sikieni, inaimba. Kaniuliza mbele ya wote: mukwe wangu, inaendaje? Nikasema: vizuri sana, baba. Mimi huyo, mutu wa miaka arobaini na moja. Nasikia haya.

Mama mukwe na wamama wengine wanaimba wimbo wa harusi. Emilienne haimbi. Amevua viatu. Amefunga mutoto mugongoni kwa vitenge viwili, amekumbatia bidoni ya manjano, dumu tupu la kuelea nalo. Hajamwangalia baba yake hata kidogo. Bidoni nyingine ameisukuma kwa muguu, imekuja mpaka imegusa goti langu.

Ziko mbili tu.