Mkono wa Kushoto wa Bwana Koleo

Jumapili, baada ya mvua

Kwa dada yangu mpenzi,

Pokea salamu zangu nyingi, wewe na shemeji pamoja na wanangu wawili. Natumaini mgongo wa shemeji umepata nafuu, na kwamba yule mdogo ameacha kula chaki. Sisi huku hatujambo. Mama anakohoa kila asubuhi, lakini ukimwambia anywe dawa anasema ni vumbi tu. Baba ni mzima, anatengeneza viti vya watu kibarazani kama kawaida yake. Mimi sina neno la kulalamikia, ila nina mengi ya kukueleza, kwa hiyo kaa kitako.

Katika barua yako uliniambia nimwachie Mungu yule daktari wa meno, kwamba kisasi humchosha anayekibeba. Nilikusoma, nikarudia kukusoma, na nilikuelewa vizuri. Lakini sikumwachia, dada.

Najua mkasa wenyewe umeusikia nusu, kwa sababu mama alikuandikia akiupunguza makali. Chuo hakipokei maombi ya mtu anayetaka kusomea meno kama hajakaa kando ya daktari akimtazama kazini, na daktari huyo athibitishe kwa sahihi yake kwamba mtu huyo alikuwepo na alishika adabu. Wanataka uone usaha kabla hujawapotezea miaka yao. Basi nilianzia kwa yule ambaye mtaa mzima, akiwa hayupo, unamwita Bwana Koleo. Baba akasema mtoto hapelekwi kwa watu peke yake, akavaa koti lake la harusi, tukaenda.

Alituweka mapokezi tangu asubuhi. Alipotoka, alikuwa na kioo kidogo mkononi, akaniamuru nifungue kinywa. Nikadhani ni mtihani, nikafungua. Akanishika kidevu, akanigeuza upande wa benchi la wagonjwa ili waone vizuri lile pengo la siku niliyoanguka kwenye ngazi, na meno mawili ya jirani yaliyolala yakitafuta kulijaza. Akawaambia wamtazame daktari wao wa kesho. Akauliza ni nani atakayemfungulia kinywa mtu mwenye kinywa kama geti bovu. Akasema nikajizibe mwenyewe kwanza, ndipo nije kuziba wenzangu. Benchi zima likacheka. Kuna mama mmoja alikuwa na shavu limevimba kama andazi, akalishika kwa mikono miwili ili aweze kucheka.

Na baba akacheka, dada. Hilo ndilo mama hakukuandikia. Kilikuwa kicheko cha mpangaji mbele ya mwenye nyumba. Kisha akamwambia ahsante daktari, tukaondoka. Tangu siku hiyo baba akawa ananisifia kazi ya uhasibu, yeye ambaye alikuwa akimwambia kila mteja wake kwamba mwanawe atakuwa daktari.

Nilibisha milango mingine. Mmoja akasema chumba chake ni kidogo, mwingine akanitaka nirudi wiki ijayo, kila wiki ijayo. Mwishowe nikakubaliwa kwenye kliniki ya umma, ghorofani, na daktari mama mtu mzima ambaye sote tunamwita Bibi Daktari. Masharti yake ni machache lakini hana mzaha nayo. Nivae barakoa. Nisimame ukutani, mikono nyuma, nisiguse kitu. Kila mgonjwa nimwombe ruhusa mimi mwenyewe, nikijitaja jina, na akikataa nitoke bila kununa. Nilichokiona kinywani mwa mtu kisishuke ngazi. Na la mwisho: kwa kuwa aliyefungua kinywa hawezi kusema, mkono wake wa kushoto ndio ulimi wake. Akiuinua, kila kitu kinasimama, awe ameumia, au amechoka, au hataki tena kutazamwa.

Mwanzoni walinikataa wengi. Dereva mmoja alisema mdomo wake si maonyesho. Mzee mmoja akanikubalia, ila akanionya nisijisumbue kuhesabu meno yake, kwani yataisha kabla sijaanza. Nilijifunza kuomba vizuri, na Bibi Daktari akaanza kuniita "mwenzangu".

Sasa sikia. Wiki iliyopita, saa ya mapumziko, wagonjwa wameshatawanyika, mlango wa nyuma ukagongwa. Akaingia mtu mwenye miwani ya jua, taya limefungwa kwa skafu. Alipoivua skafu nilimtambua kabla hajakaa. Mganga hajigangi. Bwana Koleo alikuwa na gego lililooza hadi kwenye mizizi, na kwa miezi alikuwa akilinyamazisha kwa vidonge, kwa woga.

Bibi Daktari akamwambia kwamba kwenye kiti kile hakuna daktari, kuna mgonjwa tu, na kwamba binti atamwomba ruhusa kama anavyowaomba wengine. Nikamwomba. Nikataja jina langu, nikataja na la baba na mtaa wetu, polepole, nikimpa nafasi. Akapunga mkono kama anayefukuza nzi, akasema nikae, nisimame, nifanye nipendavyo, mradi atibiwe. Jina langu halikumwambia kitu. Mimi lake nimelala nalo na kuamka nalo.

Alipoiona sindano ya ganzi, alifumba macho na kuomba ahesabiwe hadi tatu. Ganzi ikashika, pamba zikajaa kinywani, Bibi Daktari akageukia meza ya vyombo. Mara mkono wa kushoto ukapaa. Bibi Daktari akarudi haraka, akauliza kama inauma. Jamaa akaguna. Akaongezewa ganzi kidogo. Akatulia, chombo kikaingia, mkono ukapaa tena, safari hii na kidole kimenyooka. Bibi Daktari akakifuata kile kidole, akaona ukuta, akaniona mimi nimesimama nilivyofundishwa, akaona dirisha nyuma yangu. Akadhani ni jua, akamwagiza muuguzi avute pazia. Ulipopaa mara nyingine, uvumilivu ukamwishia. Akamwambia yale anayowaambia watoto, kwamba yeye ni kijana mkubwa na vijana wakubwa hawalii. Muuguzi akaficha kicheko kwenye kiwiko. Gego likatoka, na machozi nayo yakamtoka.

Baadaye Bibi Daktari alimuuliza mkono ule ulikuwa unataka nini. Akanitazama, mdomo umelala upande, mate yanamchuruzika. Kisha akatikisa kichwa, akajikongoja kutamka kwamba ni maumivu tu.

Chini, baba alikuwa ameleta benchi la mapokezi alilolitengeneza. Nilitoka nyuma ya Bwana Koleo makusudi, ili nimwone baba akimwona. Jamaa akajaribu kusalimia, yakatoka mate. Baba akampisha, akampa pole, akatoa leso yake na kumpa, akamshika kiwiko hadi mlangoni. Aliporudi akaniambia, maskini, kumbe na yeye ana meno. Nilitaka acheke, dada. Nilikuwa nimemtayarishia kicheko chake, yeye akakitolea leso.

Sasa nikuambie lile ambalo sijamwambia mtu, na ambalo hata kwenye shajara yangu nimeliachia tarehe tupu. Mkono ule haukuwa wa maumivu. Bibi Daktari alipogeukia vyombo na muuguzi akiwa kabatini, niliishusha barakoa. Nikaisogelea taa ili anione vizuri, nikamchekea kwa kinywa chote, pengo na majirani zake. Nikaona macho yake yakinitafuta, kisha yakinipata. Nikaipandisha barakoa, nikarudi ukutani, mikono nyuma. Kila mara alipouinua mkono nilijua anasema nini: mtoeni huyu. Ilikuwa haki yake. Ni mimi peke yangu mle chumbani niliyeielewa lugha hiyo, na sikuitafsiri. Nilijua pia kwamba hatanitaja, kwani kunitaja ni kusimulia alichonifanyia.

Bibi Daktari alitia sahihi barua yangu ya chuo Ijumaa. Ameandika kwamba najua kuwaheshimu wagonjwa. Niliisoma mbele yake, nikamshukuru, nikaitia kwenye bahasha. Kesho bahasha inakwenda chuoni. Tangu siku ile, mgonjwa yeyote akiinua mkono natoka mwenyewe, kabla sijaambiwa, hata kama ni pua tu inamwasha. Bibi Daktari anasema sijawahi kuwa na adabu kama sasa.

Ukinijibu, usinifundishe msamaha. Niambie tu kama nawe ungekaa kimya, maana tumelelewa nyumba moja. Na nimekushushia ngazi siri ya mtu; ichome barua hii ukishaisoma.

Msalimie sana shemeji, apumzishe mgongo wake, asibebe magunia. Wabusu wanangu. Mama anasema umeadimika kama mwezi wa mawingu, na baba anakusalimu kwa nyundo yake, nasikia hapa anapiga. Tukijaliwa uzima tutaonana.

Ni mimi mdogo wako,
kitindamimba