Dawa Iliyolala Kwenye Friji ya Soda

S.L.P. 118,
Kitengela.
14 Machi 1998

Mpendwa ndugu yangu Ndolo,

Uko aje huko Gaborone? Mgongo umepoa, ama bado unakusumbua? Sisi tuko, Mungu anatushikilia. Mvua hii ya El Niño imekula barabara ya Mashuuru yote, lakini maharagwe yangu yamekataa kufa.

Barua yako nimepata. Unaniambia niwache kelele, niseme mtoto wako Katee ana pumu, nimrudishe bweni. Ndolo, mimi ndiye nilikubeba mgongoni, kwa hivyo nisikilize. Mzee Wathome wa ukoo wetu alikueleza nusu.

Friji ya kliniki iliharibika, na Dalmas, daktari wetu, huweka dawa kwenye friji yangu ya soda hapa dukani. Ile ya sindano ya kupima TB huja ikiwa unga. Ikishachanganywa na maji yake, haitakiwi kukaa. Yeye alichanganya chupa nzima, akatumia kidogo, akaweka iliyobaki, maana kutupa dawa kwetu sisi ni dhambi. Halafu mvua ikaangusha nguzo, stima ikapotea, soda zikawa moto kama uji. Nilimwambia. Akainua chupa kwenye mwanga, akasema mbona iko safi tu.

Katee alidungwa hiyo. Mkono ukabaki laini bila kufura, Dalmas akasema hana TB, na ukoo mzima ukashangilia. Lakini kikohozi hakikusikia hayo matokeo. Sketi yake ya shule sasa inashikwa na pini.

Nikamuuliza Dalmas kama dawa inaweza kuisha nguvu bila kubadilika rangi. Akakubali kwamba inaweza. Na bado kesho yake akaja kuchukua chupa ileile apime wengine. Ghai! Niliivunja kwenye jiwe la mlango, watu wakiona.

"Roda, hawa wametoka Mashuuru kwa miguu. Nitawaambia nini?"

"Waambie ukweli, kwamba imelala ikaharibika."

Alikasirika, na mimi nilikuwa nimekasirika kumshinda. Lakini alienda Kajiado mwenyewe akaleta mpya, akaichanganya mbele yangu, akamdunga Katee papo hapo. Siku ya tatu mkono ulikuwa umefura, mgumu, mwekundu. Picha ya kifua ikasema vilevile, ni TB. Sasa anameza dawa kila asubuhi nikimwangalia koo.

Wathome anasema nimeuza jina la nyumba yetu, eti nani atamwoa. Aseme mpaka achoke. Mkuu wa shule nimemwandikia, na ugonjwa nimeutaja kwa jina, ili wasichana wa bweni lake wapimwe. Bweni hatarudi mpaka daktari aseme amepona. Kama hiki ni kiburi, basi niko nacho cha kutosha.

Mume wangu Munguti anakusalimia sana. Mama Naipanoi, jirani, pia anakusalimia. Ndiye humletea Katee maziwa na hataki hata asante. Mungu akufunike huko ugenini, akurudishe ukiwa mzima.

Na hili nakuambia wewe peke yako. Mke wako Celine tulimzika tukisema ni pumu, na sisi wote tulijua ni TB. Katee sitamzika ili tubaki na jina zuri.

Dada yako akupendaye, na asiyekuogopa,
Roda